Kaske kolonial ya zamani: namna gani kujua kama ni ya jeshi ao ya raia?

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Naomba musaada kwa wenye kujua vitu vya zamani. Mu sanduku ya chuma ya nkambo (babu) tulikuta kaske moja ya jua, ile kofia ngumu ya kolonial, na sasa vile tunagawanya vitu vyake baba mudogo anasema tuuzishe juu kuko muntu mu ville anatoa dola 40 na anaharakisha kabisa, anapiga simu asubui na mangaribi. Mi sitaki iende mbele ya kujua ni nini. Mu familia bote banasema ni ya Force Publique, ile jeshi ya Babeleji mu Congo, nkambo aliivaa mu vita, lakini nkambo alitumika shemandefe, mu BCK, kampuni ya reli, tangu kijana mpaka pansion, hakuna siku alikuwa askari, na ile njo inanichanganya.

Iko ya rangi ya kaki, nyepesi sana, ukiibeba ni kama haiko mu mukono. Pembeni yake haiko pana vile naona mu mafoto ya bazungu ba zamani, inashuka kidogo tu mbele na nyuma. Kitambaa kimeshonwa vipande vipande kutoka juu, halafu kuko kitambaa ingine kimezungushwa hapa katikati, na kichwani kuko kidude cha kupitisha hewa. Ngozi ya ndani imekauka na imepasuka sehemu moja. Mu intaneti naona zinazofanana, zingine bei ya juu kabisa, zingine bei ya sufuria, sielewi tofauti iko wapi. Mutu anaangalia nini? Ya jeshi ao ya raia, ya Babeleji ao ya Bangereza, ya kweli ao ya juzi juzi?

Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)

Mudogo, kwanza usiuzishe. Muntu anapiga simu asubui na mangaribi kwa kitu anasema ni ya dola 40, huyo ameshajua iko na bei gani kule anaenda kuiuzisha. Mwambie mungojee, familia ingali inasemezana. Ni jibu ya heshima na haina ubishi.

MzeeWaKofia (Bukavu)

MwanaKatuba, asante kwa kuuliza mbele ya kuuzisha, wengi wanauliza nyuma. Kitu cha kwanza: igeuze. Kila mtu anaangalia kaske kwa juu, umbo na rangi, na juu ndiyo sehemu rahisi ya kubadilisha, mtu anaweza kupaka, kufunika kitambaa kipya, kubandika beji. Mambo ya kweli yako ndani: mata gani imetengenezwa nayo, ngozi imeshikwa namna gani, saizi imeandikwa namna gani, na kama kuko muhuri.

Kuhusu mata. Hizi kofia zilianza na Bangereza kule India, miaka ya 1840 hivi maofisa wakati wa vita na Masikh walikuwa wameshaanza kuzivaa. Walitumia moyo wa mmea unaitwa shola, unaota kwenye vinamasi vya Bengal, ndani ya shina kuko kitu nyeupe laini, wanakata vipande vyembamba wanavigandisha juu ya kalibu mpaka umbo linatoka. Ni nyepesi kabisa lakini mvua ikinyesha inakunywa maji na kulegea, ndiyo maana majeshi mengi yalikwenda kwenye lieje, ile ya kufungia chupa za divai, ni nzito kidogo ila inavumilia. Baadaye zikaja za karatasi ngumu iliyokandamizwa, hizo Wamarekani walizitengeneza kwa wingi kuanzia 1940 hivi, na Wavietnam mpaka leo wanazo, zile za kijani. Ukigonga kwa kidole ya shola na ya lieje zinatoa sauti ya chini, imekufa, ya karatasi ngumu inalia kavu. Kama kuko mahali kitambaa kimechanika, angalia na torshi: lieje unaiona punje punje ya kahawia, shola ni nyeupe ao rangi ya maziwa na imelala tabaka tabaka.

Kuhusu umbo. Bangereza walikuwa na ile ya 1877 ya kazi ya ng'ambo, nyeupe, imechongoka mbele na nyuma. Ndiyo walikuwa nayo vita vya Wazulu 1879 na Afghanistan miaka hiyo hiyo, na weupe ule ulikuwa unawaonyesha kwa adui kutoka mbali basi askari wenyewe wakazichovya kwenye chai na matope zipoteze mng'aro. Kuelekea 1900 ikaingia ingine inaitwa Wolseley, kwa jina la jenerali Garnet Wolseley ingawa si yeye aliyeichora, hiyo ni pana pande zote na nyuma inashuka kufunika shingo. Hii Wolseley ndiyo watu wengi wakifumba macho wanaiona, ilitumika mpaka vita ya pili na ilikuja kuondolewa rasmi 1948. Wafaransa walikuwa na yao kuanzia 1878 kwa askari wa majini, ya lieje, nyeupe, halafu 1886, halafu ya kaki ya 1931 yenye pembe pana. Wataliani walikuwa na ya 1928, waliingia nayo Ethiopia 1935, mbele wanaweka kokadi, kile kiduara cha rangi, ya kijani, nyeupe na nyekundu. Wajerumani wa jenerali Rommel walishuka Libya 1941 na ya lieje iliyofunikwa turubai ya kijani, ubavuni vijingao viwili vya chuma, upande mmoja tai, upande mwingine rangi tatu nyeusi nyeupe nyekundu, na haikuchukua muda askari wenyewe wakaziacha wakavaa kofia za kitambaa.

Na unajua kwa nini mzungu alikuwa havui hii kitu hata mawingu yakiwa yamefunga? Madaktari wa wakati ule walikuwa wanasema mwanga wa jua unatoboa fuvu na kuharibu ubongo, mpaka wengine walivalishwa na kitambaa kinene cha kufunika uti wa mgongo. Vita ya 1939-45 ilimaliza hayo maneno, maelfu ya askari walipigana jangwani na bereti na hakuna ubongo uliotobolewa, kumbe kinachomwangusha mtu ni mwili wote kupata joto na kukosa maji.

Sasa turudi kwako. Maelezo ya "pembeni haiko pana" na "nyepesi sana" yananiambia si Wolseley ya kawaida, na si ya Mfaransa ya 1931. Tuma foto ya ndani. Nyanyua ngozi taratibu sana kwa kidole, usivute, uangalie nyuma yake. Na uangalie saizi: kama ni 55, 56, 57, hiyo ni sentimita, ya Ubelgiji ao Ufaransa ao Italia. Kama ni 6⅞ ao 7 ao 7⅛, hiyo ni ya Kingereza.

Bin_Ruzizi (Uvira)

Mzee samahani lakini mbona familia yake isiamini ni ya Force Publique? Huku kwetu kila nyumba yenye babu askari wanasema babu alikuwa na kaske.

MzeeWaKofia (Bukavu)

Bin_Ruzizi, heshima yote kwa wazee hao, ila tuwape kile walichovaa kweli. Force Publique ilianza 1885, na askari Mkongomani alijulikana kwa fezi nyekundu. Angalia mafoto ya wale waliotoka huku Kivu 1916 wakavuka kwenda kuchukua Tabora kwa Wajerumani, waliingia mwezi wa 9 mwaka huo: askari wako na fezi, mara nyingi imefunikwa kitambaa, na kaske iko kichwani kwa ofisa mzungu. Ndivyo ilivyopangwa, kaske ilikuwa kitu cha kuonyesha nani anaamuru. Ndiyo maana mtu akiniletea kaske akasema ni ya askari wa FP, ninamuuliza fezi iko wapi, iko na picha, iko na livreti ya askari. Fezi ya FP yenye jina la mwenyewe ndani, hiyo mimi ningeililia kuliko kaske kumi, na watu wanazitupa kwa sababu panya amekula upande!

Halafu kitu kingine watu wa Katanga mujue. Hapo kwenu kaske nyingi ni za raia. Injinia wa Union Minière (kampuni ya migodi), mupadri, agronomu, shefu wa gari, kila mmoja alinunua yake dukani. Na Wakongomani makarani na waalimu nao walinunua, ilikuwa nguo ya kuonyesha cheo. Ya raia inakuwa na etiketi ya duka ao jina la fabrika limepigwa kwa dhahabu kwenye ngozi na haina muhuri wa serikali. Lakini angalisho: ofisa naye alikuwa anajinunulia, basi kukosa muhuri peke yake hakuhakikishi ni ya raia. Kuko na muhuri ndiyo kunahakikisha.

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Nimenyanyua ngozi vile mzee alisema. Saizi ni 7. Na nyuma ya ngozi, mu kitambaa ya ndani, kuko muhuri nyeusi umefutika nusu, lakini unaonekana mushale umesimama, ile ya mistari tatu inakutana juu, na umezungukwa na herufi kama U. Chini yake 1941. Jina ya fabrika haisomeke. Nimeweka foto mbili, ile ya pili njo ya karibu.

MzeeWaKofia (Bukavu)

Sasa tunaongea!! Foto ya pili iko wazi kabisa.

Huo mshale ni alama ya mali ya jeshi la mfalme wa Uingereza, uko kwenye bunduki, kwenye blanketi, kwenye kijiko. Ukiwa peke yake ni wa Uingereza yenyewe. Nchi zingine ziliongeza herufi: Canada mshale uko ndani ya C, Australia uko katikati ya D mbili, India kuko I chini yake, na mshale ndani ya U ni Afrika Kusini, Union wakati ule. Kaske yako ni ya jeshi la Afrika Kusini, vita ya pili. Na umbo linakubaliana na muhuri, zile zao watu wa kukusanya wanaziita za polo kwa sababu pembe yake ni nyembamba, zinafanana na za wacheza polo. Askari wao walikwenda nazo Kenya 1940, wakapanda Somalia na Ethiopia kupigana na Wataliani. Kwenye mabega walikuwa na vitambaa vyekundu-machungwa, alama ya kwamba wameapa kupigana popote Afrika. Kama kwenye ile sanduku kuko na hivyo vitambaa viwili vidogo usivitupe.

Vita hiyo hiyo ya Ethiopia Force Publique nao waliingia, upande wa magharibi, kutokea Sudan: Asosa, Gambela, halafu Saïo ambako jenerali Mtaliani Gazzera alijisalimisha mwezi wa 7 1941. Na 1943 FP walikuwa Misri wamevaa na kubeba vitu vya Kingereza.

Na kwa nini iko Lubumbashi kwa mtu wa shemandefe? Angalia reli ilikuwa inaenda wapi. Gari la moshi la kutoka kusini lilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, 1910, toka siku hiyo Katanga ilikuwa inakula na kuvaa kupitia Rhodesia na Cape. Mwaka 1915 wale mabaharia wa Spicer-Simson, ofisa Mngereza, walipitisha mpaka mashua mbili za vita, zilizoitwa Mimi na Toutou, zikateremshwa Fungurume na kukokotwa milimani kwenda kuwapiga Wajerumani kule ziwa Tanganyika. Kama mashua zilipita kwa gari, kaske haiwezi kushindwa. Baada ya vita vitu vya jeshi viliuzwa kwa raia bei ya chini, na mtu wa gari ndiye wa kwanza kuviona vikishuka. Nkambo wako alikuwa mahali pake kabisa.

Fungurume_Base

Asante mzee kwa kutaja mashua, watoto huku hawafundishwi hiyo kitu na njia ilipita karibu na nyumba zetu.

KambistiRuashi (Lubumbashi)

Mi sijue kofia lakini najua kupima bya kweli na bya bongo, njo kazi yangu. MwanaKatuba kuya na hiyo kaske kwa kambisti (mwenye kubadilisha pesa) yeyote mwenye lampi ya bule, ya ultraviolet, ile tunapimia dola. Usiku ao mu chumba kyenye giza, umulike kitambaa na uzi. Dola ya kweli karatasi yake haiwake nyeupe juu haina ile dawa ya kung'arisha, na kitambaa ya zamani ni vile vile, pamba ya mbele ya vita inabakia giza. Uzi wa sintetiki na kitambaa ya leo biko na dawa ya kung'arisha, binawaka bule-nyeupe kama shemizi mu nayiti. Kama kofia inasema 1941 na uzi wote unawaka, kaa nayo mbali.

MzeeWaKofia (Bukavu)

Kambisti umesema vizuri sana, hicho ndicho kipimo wakusanyaji wa Ulaya wanatumia. Naongeza tu: sabuni ya unga ya leo nayo iko na dawa hiyo hiyo, kama mama aliwahi kuosha kitambaa na Omo kitawaka hata kama ni cha 1900. Kwa hiyo mulike hasa uzi ulio ndani, chini ya ngozi, mahali sabuni haifiki. Na ukiona wino wa muhuri umekaa juu ya uchafu, sio chini ya uchafu, muhuri umepigwa juzi.

Niseme na za bongo maana zimejaa. Nyingi zinatoka Vietnam, zimetengenezwa kwa watalii, umbo la Mfaransa ao la Mngereza, ndani ni karatasi ngumu, kitambaa kimegundishwa safi kabisa na ndani kuko mkanda wa plastiki. Sio kitu kibaya, mtu anunue avae, ubaya ni yule anaichubua na msasa, anaiweka kwenye moshi, anabandika tai wa Wajerumani halafu anaita Afrika Korps, lile jeshi la Rommel. Ya Mjerumani ndiyo inabandikwa sana kwa sababu ndiyo inalipa. Angalia vijingao: vimeshikwa na miguu ya chuma inayotoboa mpaka ndani, tundu za zamani kitambaa kimechoka kuzizunguka na chuma kimeacha kutu, tundu za juzi nyuzi zimekatika safi. Na ukiona skrubu ya msalaba kwenye kofia inasemwa ni ya vita ya Wazulu, hiyo skrubu ilianza kuenea miaka ya 1930, mtu ameshaingiza mkono wake hapo.

Mama_Conservation (Lubumbashi)

Bwana MwanaKatuba, mimi nimefanya kazi na vitu vya makumbusho kwa muda, niruhusu niseme juu ya kuitunza, maana mara nyingi kitu kinapona miaka 80 ndani ya sanduku halafu kinakufa wiki ile kimetoka.

Usiioshe. Hata kitambaa cha maji usipitishe, gundi ya ndani inalegea na maji na umbo linaanguka. Vumbi liondoe na burashi laini, ile ya kupaka rangi, ukianzia juu kwenda chini. Usipake rangi nyeupe ya viatu kama wanavyofanya vijana wa harusi na teatri, hilo limeharibu kofia nyingi sana hapa kwetu. Ngozi iliyopasuka usiitie mafuta, mafuta yanapenya kwenye kitambaa na hayatoki tena. Usiitundike kwenye musumari, uzito wote unakaa pahali pamoja. Jaza ndani karatasi nyeupe isiyoandikwa, sio gazeti, wino wa gazeti unahama, uiweke kwenye katoni mahali pakavu pasipo jua. Na uangalie kila mwezi, mende na muchwa wanapenda sana hiyo mata, hasa kama ni shola, wanakula ndani na kuacha kitambaa kimesimama peke yake, siku unaishika inaingia vidole.

Na juu ya kuuzisha kwa mtu wa kupeleka nje: tuko na sheria ya 1971 ya kulinda mali ya utamaduni. Mbele ya kitu cha historia kuvuka mupaka, mupite Musée national hapa Lubumbashi muwaulize. Hawakunyang'anyi, wataiandika na kuipiga foto, na ile foto na maandishi yenyewe yanakusaidia siku kofia ikiibiwa.

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Merci mingi kwenu bote, kweli. Nilienda kwa kambisti wa jirani tukafunga mulango tukamulika. Kitambaa ya inje inawaka kidogo upande moja, labda bibi aliifutaka na sabuni, lakini uzi wa ndani na kitambaa penye muhuri binabakia giza kabisa. Na penye imechanika kidogo kwa nyuma naona punje punje za kahawia, basi ni lieje nyembamba. Baba mudogo nimemusomea majibu ya mzee Bukavu, alinyamaza muda murefu halafu akasema kumbe nkambo alikuwa anasemaka juu ya "basoda ba kusini" benye kupita na gari wakati wa vita, beye banafikiri ni malonda (hadithi) tu. Yule mununuzi nimemwambia haiuzishwe. Akapandisha mpaka 120 pale pale mu simu.

Swali ya mwisho: jina ya fabrika inaweza kusomeka namna gani bila kuharibu?

MzeeWaKofia (Bukavu)

Usiisugue na usiiloweshe. Weka torshi ya simu chini kabisa, mwanga upite ubavuni kwa ubavuni na sio kutoka juu, upige foto kadhaa ukizungusha torshi pande zote. Muhuri uliokandamizwa unaacha bonde ndogo kwenye kitambaa hata wino ukiisha. Halafu kwenye simu ondoa rangi zote foto ibakie nyeupe na nyeusi, uongeze kontrasti. Kambisti akikubali, piga na moja chini ya lampi yake pia, wino mwingine unaonekana pale tu. Andika na uzito wake kwenye balansi ya jikoni, upana wa pembe mbele na nyuma kwa sentimita, na idadi ya vipande vya kitambaa kuzunguka kichwa, utume vyote pamoja hapa hapa nitalinganisha na zile ninazo.